Kitu Kilichonishika Mguu Mbele ya Lango la Mama Tabu

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wewe unayesoma mwenyewe, na wewe unayesomewa kwa sababu miwani umeisahau nyumbani. Siku niliposimama kanisani kulisema jambo hili nililia katikati, na waliokaa nyuma hawakusikia mwisho wake. Kwa hiyo mchungaji akaniambia, mzee, andika, tusome kwenye vikundi vyote. Basi nimeandika. Shule nilikomea darasa la nne, mkikuta herufi imelala, mniinulie.

Mimi ni Mzee Mgala, Mnyiha wa Hasamba, niliyeoa kwa Wanamwanga na kuhamia Tunduma nikiwa kijana. Wa zamani wananijua kwa baiskeli. Nilikuwa navusha mizigo mpakani, mahindi kwenda, sukari na mafuta kurudi, magunia mawili nyuma na moja kwenye fremu. Miguu yangu ilikuwa miguu! Na mdomoni sigara. Saa sikuwa nayo, njia nilizipima kwa sigara. Kutoka hapa hadi Mpemba ni sigara nne na mzigo, tatu bila mzigo. Nilipookoka niliacha pombe mbele ya watu wote, mkanipigia vigelegele, lakini sigara sikuacha. Nilivutia chooni. Moshi ulikuwa unatokea juu ya bati na majirani wanasema mzee Mgala anafukiza mbu. Ndugu zangu, nimeanza na hilo kwa sababu shetani naye alianzia hapohapo.

Kabla sijafika kwenye mguu wangu, lazima niwaambie mguu wa kaka yangu Yohana. Kaka alikuwa mkulima wa kahawa kule kwetu, naye alivuta kuliko mimi. Vidole vya mguu vikawa vyeusi, vikanuka, hospitali wakaukata chini ya goti. Na kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Tulipewa mguu ule umefungwa, tukaupakia, tukaenda nao Hasamba, tukachimba kati ya mibuni. Wanawake wakakaa chini kama kwenye msiba. Kaka aliwekwa kwenye kiti akatazama udongo unarudishiwa juu ya mguu wake mwenyewe. Tukaimba wimbo mmoja, hatukujua tuimbe upi.

Baada ya pale, mvua ikinyesha, kaka alikuwa akisema, "Mguu wangu unalowa kule chini." Jua likiwaka anasema, "Kuna mdudu anatembea kwenye kidole gumba, nendeni mkamtoe." Kidole ambacho hakipo! Tulikuwa tunaangaliana. Hakumaliza mwaka, akaufuata mguu. Siku ile makaburini niliapa moyoni: mimi mguu wangu hautanitangulia. Hata nife, nitakufa nayo miwili. Kiapo hicho sikumwambia mtu, na ndicho kilichotaka kuniua.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, ninatoka nyumbani kuja kanisani. Mnaijua njia yangu. Unatoka kwangu, unapita bomba la maji, unapita mashine ya kusaga, halafu lango la bluu la Mama Tabu, yule mjane anayeuza togwa na mboga, ndipo unakuja transfoma na kanisa. Nilipofika sawasawa na lango la bluu, kitu kikanishika mguu wa kushoto. Nyuma, kwenye nyama ya muundi. Kilinishika kama mkono. Kikaminya. Nikasimama. Nikatazama chini, hakuna kitu, vumbi tu na kokoto. Mbuzi wa Mama Tabu wawili wako ukutani wananitazama bila kutafuna. Nikabaki nimesimama, na kile kitu kikaachia chenyewe, taratibu, kidole kimoja kimoja. Nikaendelea na safari kama sikuona kitu.

Kesho yake, palepale. Keshokutwa, palepale. Ndugu zangu, si hatua tano kabla wala hatua tano baada, ni penye lango la bluu! Nikipita upesi kinanishika kabla kidogo. Nikisimama kinaachia. Nikajaribu kupita upande wa pili wa barabara, kikanishika upande wa pili. Mtu akiumwa mguu si anaumwa popote? Mbona huu unangoja mahali? Mimi mtu wa kijijini, nimekulia kwenye habari za vitu vinavyozikwa njiani, nikajua. Hapa pamefukiwa kitu. Na mwenye lango ni nani? Mjane. Peke yake. Anaamka kabla ya jogoo. Mashtaka yangu yote yalikuwa hayo.

Nilikwenda zahanati, sidanganyi. Nesi akanipima, presha iko juu. Akagusa miguu yote miwili akatulia, akagusa tena. Akaniambia, "Baba, mguu huu wa baridi. Hii ni mishipa ya damu, inaziba. Acha sigara leo, umeze hivi vidonge kila siku, na uende hospitali kubwa wakuangalie mapema, usije ukapoteza mguu." Akanipa vidonge vya presha na asprini. Mimi katika maneno yote yale nilisikia moja tu, kupoteza mguu. Nikaona mibuni ya Hasamba. Vidonge nilivichukua, hospitali kubwa sikwenda.

Badala yake nilikwenda kwa wanamaombi, nikawaambia mahali penye lango. Mnakumbuka, wengine mlikuwepo. Tulikwenda pale saa nne asubuhi na mafuta ya upako, tukapaka nguzo za lango lake, tukakemea, tukamwaga chumvi. Mama Tabu alitoka na mwiko mkononi. Akasimama. Tulipomaliza akauliza, "Mmeshamaliza? Maana wateja wangu wanaogopa kuingia." Wateja walikuwa wawili. Wiki iliyofuata hawakuwepo hata hao. Hilo ni mimi nililifanya, kwa ulimi wangu, nikiwa nimeokoka.

Wakati huo ndipo alipovuka shemeji yangu Sinkala kutoka ng'ambo, mdogo wa marehemu mke wangu. Mtu mwema, anapenda watu, anaingia kwako anapiga makofi ya salamu amechuchumaa, mpaka unasahau alikuja na begi. Yeye alikuwa ameingia kwenye biashara ya vitamini. Chupa kubwa nyeupe. Akasema, "Mulamu," ndivyo wanavyoitana mashemeji kule, "mulamu, hospitali wanakupa dawa za kuficha ugonjwa. Hizi zinasafisha mishipa yenyewe. Zinakwangua. Utasikia mwenyewe kwa mwili wako, mukwai, bwana wangu, sitakwambia."

Kwenye chupa pameandikwa kidonge kimoja. Nikamwonyesha. Akacheka, "Hicho ni cha mtu mzima wa afya. Bomba lenye kutu miaka arobaini unalisukuma kwa kikombe kimoja cha maji? Sita, mulamu." Na chupa ya pili, vidonge laini vya mafuta, vya manjano, navyo sita. Yeye mwenyewe alikuwa anameza hivyohivyo, nimshuhudie. Hakunidanganya. Alikuwa amedanganyika mbele yangu.

Nikameza Jumapili asubuhi, na chai. Nikatembea. Kwenye lango la bluu nikashikwa, nikaachiwa, nikafika kanisani. Tukaimba wimbo wa kwanza. Wimbo wa pili, moto!

Ulianzia masikioni, ndugu zangu. Ukashuka shingoni, kifuani, mikononi mpaka kwenye kucha, unatembea chini ya ngozi kama siafu wanaohama. Mimi mweusi, lakini walioniona walisema nilikuwa na rangi ya tofali la kuchoma. Nikapiga kelele, "Moto! Moto!" Dada mmoja akanigusa mkono akauvuta upesi. "Anaungua kweli!" Kanisa likalipuka. Watu wakalia, wakapanga mstari kunigusa. Na mimi nikasimama mbele nikatoa ushuhuda, ule wa kwanza, ule wa uongo ambao sikujua bado kwamba ni uongo. Nikasema Bwana amenitumia vitamini kama alivyotumia tope kwenye macho ya kipofu, moto umeshuka, mishipa imefunguka, na vidonge vya zahanati natupa leo. Nikavitupa. Mlipiga makofi. Natamani mngenizomea.

Jumatano nilimeza nikiwa nyumbani, nalisha kuku. Nusu saa haijaisha, moto uleule. Masikio, shingo, kifua. Hapakuwa na wimbo, hapakuwa na maombi, kuku tu wamesimama wananitazama na vichwa vimeinama upande. Nilikaa kwenye gogo mpaka ukaisha. Nikajiuliza, kumbe ni vidonge? Na moyo wangu ukanijibu, nyamaza.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo nilipotenda dhambi yenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa mjinga, na mjinga Mungu humhurumia. Tangu Jumatano ile nilikuwa najua. Na Jumapili nikameza tena, nikapima muda, ili wimbo wa pili unikute tayari. Kwa nini? Kwa sababu miaka yote nilikuwa mzee wa kukaa benchi la nyuma, wa kuambiwa sogea. Sasa nawekewa kiti. Kina mama wananiletea watoto niwashike kichwa. Mtu aliyezoea kubeba magunia ya wenzake, siku moja akibebwa yeye, hataki kushuka.

Nikawa nameza kila asubuhi, na baada ya wiki kadhaa moto ukaanza kupoa. Nikameza sita, ukaja joto dogo tu, kama la mtu aliyekaa karibu na jiko. Watu wakaanza kunong'ona, mzee kamkosea nini Bwana? Nikameza nane. Nikameza kumi. Moto ukarudi, na kitu kingine kikaja nao. Siku moja katikati ya sala tone likaniangukia kwenye Biblia, kubwa, jekundu. Halafu jingine. Pua inatoka damu, haiumi, haina sababu, na haitaki kukata. Wakasema damu chafu inatoka. Nikasema amina. Nilifuta ule ukurasa, lakini doa liko mpaka leo.

Na kile kitu je? Haya, sasa nawaambia ambalo sikumwambia mtu.

Kilikuwa kinakuja.

Majuma machache baada ya kuanza vitamini, sikushikwa tena kwenye lango la bluu. Niliwatangazia hivyo, mkashangilia. Sikuwaambia kwamba nilikuwa nashikwa kwenye mashine ya kusaga. Kimesogea! Kimeacha lango, kimekuja hatua mia moja upande wa kwangu. Nilikuwa nasimama pale nikijifanya nazungumza na mwenye mashine, jasho linanitoka, mpaka mkono uachie. Mwezi uliofuata, sikufika kwenye mashine. Kilinishika bombani, kina mama wanateka maji, nikajifanya nanawa uso. Nikinywa nina kiu, narudi nyumbani nina kiu, naamka nina kiu. Nikasema moyoni, Mama Tabu amekitoa kwake amekitanguliza. Tazameni akili ya mtu mwenye hofu! Kimeondoka langoni kwake, badala ya kusema kumbe hausiki, nikasema kumbe anakiongoza.

Mguu wenyewe ukawa baridi kama wa mtu aliyelazwa tayari kuoshwa. Vinyweleo vikapukutika, ngozi inang'aa kama imepakwa nta. Kucha ziliacha kuota. Kwenye kidole kidogo pakatoka kidonda, nadhani ni kokoto tu, kikakataa kupona. Nikikaa chini mguu unakuwa mwekundu mzito, nikiuinua juu ya kigoda unakuwa mweupe mbele ya macho yangu, kama mtu anayesikia habari mbaya. Na nikijilaza mchana baada ya chakula, mkono unakuja hukohuko kitandani. Ilibidi niuninginize mguu ukingoni ndipo uachie. Umetoka langoni, umepita mashine, umepita bomba, umevuka kizingiti changu. Palikuwa pamebaki wapi pa kwenda tena?

Nikaongeza vidonge viwili.

Siku ya siku nilikuwa nimekaa chini pale bombani, asubuhi, siwezi kwenda mbele wala kurudi. Hatua ishirini na tano tu kutoka mlangoni kwangu, nilizihesabu. Akaja Mama Tabu na ndoo. Akaitua. Akanitazama mguu, nilikuwa nimevua kiatu.

"Shikamoo, mzee."

Sikuitikia. Mtu niliyempaka mafuta nguzo za lango ananipa shikamoo!

"Usipoitikia shauri yako, mimi nimetimiza. Naona sasa kinakushika hapa bombani, najua utasema nimekihamishia."

Nikasema, "Wewe ndiye unayejua ulipokiweka."

Wale kina mama wengine wakaacha maji yamwagike. Mama Tabu akafunga kanga vizuri kiunoni. Akasema, "Mtu na alete jembe hapa."

"La nini?"

"Uchimbe! Umesema nimefukia. Si unajua mahali, si panakushika kila siku? Chimba. Ukikuta hata unywele, hata kipande cha kitambaa chenye fundo, mniite mchawi mbele ya mtaa na nitahama. Usipokuta kitu, leo hii unapanda bajaji na mimi, twende hospitali. Haya, mashahidi ni hawa. Au wewe na moto wako wote unaogopa jembe?"

Mmoja akacheka. Jembe likaletwa. Nami nilikuwa na hasira, na nilitaka kukiona, ndugu zangu. Miezi yote hiyo nilikuwa nataka kukiona kwa macho. Nikachimba nimeegemea mguu mzuri. Udongo ulikuwa umelowa, mwekundu, unanata. Watu wakaongezeka. Nilipofika kina cha mkono, jembe likagonga kitu laini. Nikainama nikakivuta. Ndala. Ya mguu wa kushoto, imekatika kamba.

Watu wote wakarudi nyuma. Mguu wa kushoto!

Mama Tabu ndiye pekee aliyesogea mbele. Akaishika, akaipindua, akaitupa. "Ndala! Mzee, Tunduma nzima imejengwa juu ya ndala. Chimba kwangu, chimba kwa mchungaji, utazikuta. Ningekuwa nakuloga ningekulogea na ndala iliyokatika? Nisingenunua hata mpya?" Watu wakacheka mpaka bomba likasahauliwa. Nikachimba tena kuzunguka, nikachimba kwa jasho mpaka nikaishia kwenye udongo mgumu usioguswa na mtu tangu uumbaji. Hapakuwa na kitu. Na nikiwa nimesimama ndani ya lile shimo, limenifika magotini, nimejichimbia mwenyewe karibu na mlango wangu, kile kitu kikanishika. Kikaminya kuliko siku zote. Nikatazama chini. Shimo tupu, nami nimo ndani.

Ndipo nilipoelewa. Hakikuwa ardhini. Nilikuwa natembea nacho.

Nikamnyooshea Mama Tabu mkono. Akanivuta. Kwenye bajaji hakunisema hata kidogo, alikuwa anampigia kelele dereva aepuke mashimo.

Hospitali daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu. Alinipaka mafuta ya baridi mguuni na kuchukua kamashine kadogo kama redio, kenye mkia. Akasema, "Babu, sasa utaisikia damu yako inapita." Akaanza na mguu wa kulia. Shwaa, shwaa, shwaa, kama mtu anafagia uwanja asubuhi. Nikatabasamu. Sijawahi kujisikia kwa ndani. Akahamia wa kushoto.

Kimya.

Akasogeza. Kimya. Akaongeza sauti, tukasikia mngurumo wa mashine yenyewe, na nyuma yake hakuna mtu. Nimesikia kimya kingi maishani, cha pori, cha nyumba baada ya mazishi. Hiki kilikuwa kimo ndani yangu mimi, nami niko hai nakisikiliza. Daktari akapanda juu, nyuma ya goti, akabonyeza, akangoja. Ndipo ikasikika kidogo sana, shwaa... shwaa... kama mtu anayefagia nyumba ya mbali, na amechoka. Mama Tabu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mungu wangu, yupo!" akaanza kulia. Yeye, niliyemfukuzia wateja.

Nikamweleza daktari yote. Yote! Sigara, vidonge nilivyotupa, chupa mbili, kumi na mbili kila asubuhi, moto wa Jumapili. Hakucheka. Akanieleza polepole, nami nawapa kama nilivyopewa. Mshipa mkubwa wa damu umejaa uchafu mgumu, sigara na presha ndivyo vilivyoujaza. Nikitembea, nyama inaomba damu, damu haifiki, nyama inalia. Ndiyo maana nashikwa baada ya hatua zilezile kila siku, na nikisimama inaachia. Na mshipa ukizidi kuziba, hatua zinapungua. Kile kitu hakikuwa kinanifuata, nilikuwa naishiwa.

Na moto? Alisema ile chupa nyeupe ni vitamini B aina ya niasini. Ukiimeza kwa wingi inapanua vijishipa vidogo vya ngozi, basi, ngozi inawaka. Mshipa mkubwa ulioziba hauguswi. Nilikuwa nachoma paa la nyumba nikidhani nasafisha bomba. Tena kwa wingi ule inaweza kuumiza ini na kupandisha sukari, akanionyesha sukari yangu imepanda, ndiyo kiu ile. Vile vya manjano, vitamini E, kwa wingi vinaweza kufanya damu isigande vizuri, ndiyo pua. Akasema wataalamu wamewapa watu wengi sana vitamini nyingi kwa muda mrefu, wakitumaini mishipa ya moyo na miguu itapona, na haikuwa hivyo, na wengine waliumia. "Babu, vitamini ni nzuri, kule kwenye mboga na maparachichi yenu. Aliyepungukiwa tunampa. Lakini mshipa ulioziba haukwanguliwi kwa chupa."

Nikauliza swali moja tu. "Mtaukata?"

Akasema, "Ungekaa mwezi mmoja zaidi ningekujibu ndiyo. Sasa tujaribu."

Walinipeleka rufaa, wakaupanua mshipa kwa waya mwembamba walioupitishia kwenye paja, nikiwa macho. Kidole kidogo na jirani yake vilikwenda, sitaki kuwaficha, vilishakufa. Nilirudishiwa asprini, dawa ya presha, dawa ya mafuta ya kwenye damu, na ya sukari kwa muda. Sigara niliacha siku ile ya kile kimya. Huo nao ni muujiza, maana miaka ile yote chooni niliomba niache nikiwa nimeishika mkononi. Halafu daktari akanipa kazi: tembea. Tembea mpaka kikushike, simama, kikiachia tembea tena. Kila siku.

Nikaanza mlangoni kwangu. Siku za kwanza bombani. Baada ya majuma, mashine ya kusaga. Nilikuwa nakisukuma, ndugu zangu, nakirudisha kilikotoka, hatua kwa hatua, mbele ya watu wote. Siku nilipofika lango la bluu hakikunishika. Nikasimama mwenyewe, kwa hiari yangu, nikabisha hodi. Nilipiga magoti kwa Mama Tabu kama tunavyofanya kwetu, nikapiga makofi, nikamwambia nimekosa. Akasema, "Inuka, utachafua suruali. Utakunywa togwa au umekuja kunimwagia tena chumvi?" Nikanywa. Nikakaa pale kibarazani mpaka wapita njia wakaniona vizuri, kisha wakaanza kuingia mmoja mmoja. Sasa ndipo ninapokaa kila asubuhi. Shemeji yangu Sinkala nilimwambia ukweli wote, naye akaniomba nimsindikize akapimwe.

Na ninyi, kanisa, niliwakosea. Mliniambia, tumekusamehe, mzee, yameisha. Hayajaisha. Kuna mtu hapa aliyeacha vidonge vyake kwa sababu ya moto wangu. Baba wa presha, mama wa sukari, wewe unayeficha kifua kinachobana ukipanda kilima. Wawili wamenijia, najua wapo wengine. Roho wa Mungu hahitaji nusu saa baada ya chai! Nilimtumikisha kwa chupa, naye alinivumilia, akanitumia mjane niliyemsingizia na jembe la kuazima. Ashukuriwe Mungu wa rehema! Mtumaini yeye, na ukimtumaini usiogope kupimwa, maana aliyenitoa shimoni alinipeleka hospitali, hakunipeleka kwingine.

Jumapili baada ya ibada nitakaa benchi la mbele na kiatu nimevua. Unayeona haya kusema, usiseme. Njoo tu uguse huu mguu. Usitegemee moto. Utakuta una joto la kawaida, kama wa kwako, halafu utaniambia kliniki yako ni siku gani, twende wote kwa miguu.

Amina.